Kadre isiyokuwa na namba



Tusome Yeremia 18:1-6. Nabii alishuka nyumbani mwa mfinyanzi, akaona chombo kimeharibika mkononi mwake. Mfinyanzi hakuenda kuchukua udongo wa jirani. Alifinyanga upya ule ule.

Somo hilo limetuchoma moyo sisi mashemasi. Mnaijua Yamaha AG100 ya kanisa, iliyobeba wahubiri kati ya Butembo na Beni. Injini yake ilikufa, na kadre ikapasuka karibu na shingo ya usukani. Tulitaka kuitengeneza upya ipate kubeba wagonjwa: injini ya Kichina ya 125, kiti kirefu, na chuma cha kuegemea mgongo. Mtu akatuletea kadre nzima ya bei ndogo. Tulifurahi, tukamlipa nusu ya feza.

Kisha fundi akapitisha kidole pale namba inapopigwa. Palikuwa laini. Namba ilisuguliwa kwa tupa.

Ndugu, mnajua mauaji ya upande wa Beni tangu Oktoba 2014, na pikipiki zilizochukuliwa njiani. Kadre ile ilikuwa ya nani? Labda mjane wa mwenyewe anaketi nasi siku ya Mungu. Mmoja wetu alisema tuiombee na kuinyunyizia maji ya baraka, ndipo itakuwa safi. Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kukubali. Lakini maji hayo hayarudishi namba.

Tulimrudishia aliyeileta. Feza yetu ilipotea. Pengine ilitupasa kuipeleka kwa wakubwa wa serikali; tuliogopa, na woga huo tunauungama mbele yenu.

Basi tukarudia kadre yetu wenyewe. Ufa wake tulikuwa tumeupaka rangi kwa miaka miwili! Fundi wa kuchomea aliukwangua mpaka chuma kikang'aa, akauchoma, akaongeza bamba pande mbili, akakata upya mahali pa kushikia injini. Rangi ilikuja mwisho. Namba ya injini mpya tuliiandikisha kwenye karatasi za pikipiki. Taa, honi, vioo, breki, plaki: yote yalichukua miezi mitano, na polisi wa rulaji hatuwakimbii tena.

Sasa inapita Kabasha na mgonjwa nyuma. Kofia ya abiria ndiyo inayokosekana. Mwenye nayo atuone baada ya ibada.