Kanisa Likikoma Kuwa Kanisa

Je, nyumba iliyokwisha kutolewa kwa Mungu yaweza kurudishwa kwa wanadamu?

Mjini Berlin, katika mtaa wa Kreuzberg ulioharibiwa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, kanisa Katoliki la Mtakatifu Agnes lilijengwa kati ya mwaka 1964 na 1967. Msanifu wake, Werner Düttmann, hakulipamba. Kwa nje ni kuta nzito za kijivu. Ndani, mwanga huteremka kutoka juu. Hata miaka arobaini haikutimia, waumini wakapungua na parokia ikaliacha. Mwaka 2012 mfanyabiashara wa sanaa alilichukua kwa mkataba wa muda mrefu. Msanifu Arno Brandlhuber akainua sakafu ya pili ndani yake, na mwaka 2015 likafunguliwa kuwa ukumbi wa kuonyesha na kuuza kazi za sanaa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haikatazi jambo hili. Kwa sababu nzito, na baada ya kusikiliza baraza la mapadre, askofu aweza kuruhusu kanisa litumike kwa shughuli za kidunia, mradi zisiwe za aibu. Altare tu ndiyo haipotezi utakatifu wake kwa ruhusa hiyo.

Neno “aibu” ndilo linalonisumbua. Danguro ni aibu, hapana ubishi. Lakini je, picha iuzwayo kwa mamilioni, pale alipopiga magoti mjane asiye na senti?

Mimi nilijifunza kusoma kanisani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shule ya kijiji chetu ilikuwa kibanda cha udongo. Siku za juma tulifanya hesabu humo; Jumapili ubao uligeuziwa ukutani, tukasali. Hakuna aliyeona kufuru. Basi matumizi mawili si dhambi.

Miaka mingi baadaye nikawa mkuu wa chuo cha ualimu kilichokuwa cha wamisionari kabla ya kutaifishwa. Kanisa lao dogo nililikuta limekuwa stoo ya madawati mabovu, nikaliacha hivyo kwa miaka tisa. Siku moja bibi mmoja wa kijiji jirani aliomba afunguliwe. Alipenya kati ya madawati, akagusa ukuta, akaniambia, “Mwalimu, hapa ndipo tulipomsalia mwanangu kabla ya kumzika.” Sikuwa na la kumjibu.

Wiki ile tuliyatoa madawati, tukapafanya maktaba. Halikurudi kuwa kanisa. Lakini bibi yule alikuwa akija, anaketi karibu na dirisha, hasomi kitu, na wanachuo walijua kunyamaza.

Tangu hapo naamini aibu haimo katika kubadili kazi ya nyumba. Imo katika kuwasahau waliolia na kushukuru ndani yake. Kwa hiyo sitawahukumu watu wa Berlin. Ningewauliza jambo moja tu: mzee aliyebatizwa pale akija leo, bila nia ya kununua chochote, je, atapata mahali pa kuketi?