Mtoto anayeogopa kurudi masomoni



Mwezi wa tisa unapokaribia, mtoto aliyecheza vizuri likizo nzima anaanza kusema tumbo linamuuma. Asubuhi ya siku ya kwanza anakataa chai, anaficha viatu, analia mlangoni. Nasi tunajibu haraka: "Usiogope, hakuna kitu." Je, tunasema kweli? Hilo ndilo ulizo ninalotaka tulifikiri pamoja, maana Mungu wetu hapendi uwongo, hata ule wa upole.

Mimi mwenyewe nimekosa hapo. Mwana wangu wa pili alipoingia darasa la tatu aliniuliza kama mwalimu atampiga. Nikamwambia hapana, hata kidogo. Sikuwa nimeuliza mtu yeyote. Juma lile lile alirudi na alama za fimbo mikononi. Hakulia, aliniangalia tu. Tangu siku ile, kila neno nililomwambia juu ya masomo aliitikia "ndiyo, papa" kama mtu anayemwitikia mgeni.

Wazazi wengine hawadanganyi, bali wanakemea: kuogopa ni kukosa imani, wanasema. Wengine wanamleta mtoto kwenye maombi kana kwamba ana pepo mbaya. Kuomba ni vizuri, tuombe sana. Lakini tusitaje pepo kabla ya kumwuliza mtoto mwenyewe: nani anakucheka? Unaketi wapi? Choo cha masomo kikoje? Tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya msingi ya serikali, pamoja na yale ya makanisa yenye mapatano nayo tangu 1977, yalitangazwa kuwa ya bure. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wameingia, tunamshukuru Mungu. Lakini madarasa yamejaa, na mtoto mwenye haya anapotea humo.

Tena kuna hofu inayotoka kwa mambo ambayo mtoto ameyaona kwa macho yake. Watoto wa Goma waliona Nyiragongo ikimwaga moto usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na siku tano baadaye wengi wao walihamishwa, wengine mpaka Sake, wengine Bukavu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini, masomo yakafungwa. Mwezi wa pili wakaitwa warudi. Nani atamwambia mtoto yule kwamba hakuna kitu?

Tusome tena habari za Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii mkubwa vile alikimbia mpaka jangwani, akaomba afe chini ya mti. Malaika hakumgombeza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Baadaye Mungu akamwuliza anafanya nini pale, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamrudisha njiani na kumpa Elisha awe mwenzake. Lakini angalieni vizuri: hakumwambia kwamba Yezebeli amekwisha. Yezebeli alikuwa hai bado, na Eliya alirudi akijua hivyo.

Basi mzazi anaweza kuahidi nini? Yale yaliyo mkononi mwake tu. "Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Mtu akikutenda vibaya, uniambie, nami nitakwenda kusema na direkta." Ni maneno madogo, lakini yanadai tuyatimize. Najua mama anayekwenda sokoni kabla ya jua hawezi kusindikiza mtu. Hapo ndipo ushirika una kazi: mtoto mkubwa wa jirani amshike mdogo mkono, na baba asiye na kazi asubuhi atembee nao. Na ninyi walimu mnaoketi nasi siku ya Mungu, kwa nini fimbo iwe juu ya meza siku ya kwanza?

Mwaka uliofuata mwana wangu aliniuliza tena. Safari hii nilimwambia: "Sijui, mwanangu. Nitakwenda kuuliza." Nikaenda, nikasema na mwalimu mpya kwa heshima, na mazungumzo yalikuwa marefu kuliko nilivyofikiri. Mtoto alikuwa akiningoja nje chini ya mti. Hakusema "ndiyo, papa". Alisema: "Amejibu nini?"