Uzuri wa Kilima cha Haworth

Kitu cha kale huwa kizuri machoni pa mtu asiyelazimika kuishi nacho. Haworth, katika jimbo la Yorkshire, Uingereza, ni kijiji kilichokaa juu ya kilima, na njia yake kuu, iliyosakafiwa kwa mawe, hupanda kwa mwinuko mkali mpaka kanisani. Wageni huja toka pande nyingi za dunia, maana katika nyumba ya kasisi, iliyo makumbusho tangu mwaka 1928, waliishi Charlotte, Emily na Anne Brontë, mabinti waandishi. Mgeni hutazama mawe, hununua kumbukumbu, hushuka akiisifu zamani.

Zamani hiyo ilipata kupimwa. Baba yao, kasisi Patrick Brontë, alikuwa miongoni mwa walioiomba serikali ichunguze afya ya kijiji, na mwaka 1850 mkaguzi Benjamin Babbage alitoa taarifa yake. Wastani wa umri wa waliokufa ulikuwa miaka 25.8. Katika kila maiti 100, zaidi ya 41 walikuwa watoto wasiotimiza miaka sita. Vyoo vilikuwa haba, uchafu ulichuruzika njiani, maji yalikuwa mabaya, na makaburi yalisongamana karibu na makao ya watu.

Je, ni halali kuufurahia uzuri wa mahali palipowaua wenyeji wake? Kwangu ni halali. Jiwe halina hatia. Lakini iko hoja nyingine, tamu masikioni, ambayo siwezi kuikubali: kwamba dhiki ya kilima kile ndiyo iliyozaa vitabu vya mabinti wale, na kwa hiyo dhiki ina kheri yake. Emily alikufa mwaka 1848 akiwa na miaka 30. Anne mwaka 1849 akiwa na miaka 29. Charlotte mwaka 1855 kabla ya kutimiza 39. Kama dhiki ilikuwa mkunga wa vitabu hivyo, ni nani aliyeviua vile ambavyo havikuandikwa? Tena, watoto wa wafuma sufu waliishi katika dhiki kubwa kuliko ya nyumba ya kasisi, na vitabu vyao havipo. Mabinti wale walikuwa na baba msomi, karatasi na nafasi.

Patrick Brontë aliwapoteza watoto wake wote sita kabla ya kufa mwenyewe mwaka 1861. Hakuisifu dhiki. Aliiandikia serikali tena na tena ili kilima kipate maji safi, na walionung'unika ni wale waliohofia kodi.