Usiihukumu Sahani ya Mgonjwa

Tukienda kumtazama mgonjwa hubeba vitu vitatu: maombi, matunda na mawaidha. Hayo mawaidha ndiyo wakati mwingine huumiza.

Chukua ndugu mwenye kisukari aina ya pili. Miaka yote ameambiwa apunguze wali na mkate mweupe, ale maharagwe na mboga kwa wingi. Sasa amefanyiwa upasuaji wa utumbo. Mara nyingi, kwa wiki za kwanza, daktari humwambia karibu kinyume: ale chakula laini kisicho na nyuzinyuzi nyingi, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Utumbo ulioshonwa juzi hauwezi githeri! Halafu wewe unaingia, unaona wali mweupe, unasema, "Ndugu, na sukari je? Kwani hujipendi?" Anaona haya, anasukuma sahani kando.

Hapo ndipo penye hatari. Ikiwa anatumia insulini au baadhi ya tembe za kisukari na hajala vya kutosha, sukari hushuka. Ikifika chini ya 4 kwenye kipimo, anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuchanganyikiwa, hata kuzimia.

Utauliza, je, si wajibu wetu kuonyana? Ni wajibu. Lakini kujua sheria ya chakula si kumjua mtu. Anayeonya bila kuuliza kwanza hajampenda ndugu yake. Amependa kuwa sahihi. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kwa sababu waumini walikuwa wakihukumiana kwa ajili ya chakula. Na Eliya alipolala chini ya mti akitaka kufa, malaika hakumwanzia mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena.

Nawe mgonjwa, usijifiche nyuma ya wali milele. Pima sukari, andika, muulize daktari dozi ibadilike vipi na lini urudie maharagwe. Na kanisa likitangaza mfungo, kula bila kuona haya. Omba ukiwa umeshiba. Imani yako haijapungua.

Wiki hii ukimtembelea mgonjwa, anza na swali moja tu: "Daktari amekuruhusu kula nini, nikupikie?" Kisha ingia jikoni.