Miezi Sita ni ya Nani?

Nenda kliniki yoyote Kabiro au Kibera na mtoto mchanga, utaambiwa: maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Si maji, si uji, si glukosi. Ushauri ni mzuri, na Shirika la Afya Duniani linausimamia. Mtaani ambako maji hununuliwa kwa mtungi, kumpa mtoto wa miezi miwili kijiko cha maji ni kucheza kamari na kuhara.

Sasa mwambie hivyo mama fua. Saa kumi na mbili unusu asubuhi yuko Barabara ya Gitanga, kwa miguu, akielekea Lavington. Akibahatika kupata nyumba atafua hadi saa tisa. Mtoto amebaki kwa jirani anayelea watoto wengi kwenye chumba kimoja, na jirani ana uji mwepesi tu wa kumpa. Akamue maziwa ayaache? Ayaache wapi, na friji hana? Asipoenda kazini, jioni hakuna unga, na yeye mwenyewe atanyonyesha akiwa na njaa.

Mtoto akifikisha miezi saba, anapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Muuguzi anauliza, "Mama, umekuwa ukimlisha nini?" Ni swali la kazi, lakini mama analisikia kama hukumu.

Je, ana hatia? Mwanafalsafa Immanuel Kant alishikilia kwamba wajibu hauwezi kumdai mtu asichoweza. Kwa hoja hiyo, mama ameachiliwa. Lakini mtoto bado ana njaa. Tukiishia kusema "si makosa yake", tumemfariji mkubwa na kumsahau mdogo.

Kuna atakayesema: mbona wengine huenda kufua na mtoto mgongoni, na wanaweza? Kweli, wapo. Lakini uliza wanaweza vipi. Wanaweza kwa sababu mwenye nyumba amekubali. Hapo ndipo jibu lilipo. Wajibu haufi kwa sababu mama hauwezi. Unahamia kwa yule ambaye neno lake lingemwezesha.

Sheria inalijua jambo hili, nusunusu. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara, ambayo ni nusu ya ile miezi sita ya kliniki. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini kibarua wa siku moja hana barua ya kazi wala ofisi. Mwajiri wake ni mimi na wewe, kwa malipo ya M-Pesa.

Na hatuko mbali naye. Kabiro, Gatina, Kawangware, Kilimani na Kileleshwa ni wadi tano za eneobunge moja, Dagoretti Kaskazini. Mama anayefua na mwenye nguo wanachagua mbunge mmoja.

Mimi mwenyewe nilimwita mama mmoja kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima. Nilijua sabuni anayoipenda. Sikuwahi kujua kama ana mtoto anayenyonya.

Sisemi huruma yangu ichukue nafasi ya serikali. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe, na haki haingoji mtu mwema wa Lavington. Lakini serikali haimo sebuleni kwangu siku ya Jumamosi. Mimi nimo.

Hata kuuliza tu kuna hatari, maana mama akishaulizwa "una mtoto mdogo?" anahisi kazi inaponyoka, na atakana. Kwa hiyo usimuulize. Unapompigia simu kupanga siku, mwambie tu: "Kama kuna mtoto, njoo naye. Utapumzika umnyonyeshe, na pesa ni ile ile."