TAFAKURI YA LEO: JUMBA NA NGUO



Ukitoka hapa kwetu Chinongwe ukashuka hadi Kilwa Masoko, ukavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, utaikuta Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba zaidi ya 100. Leo ni magofu, popo na majani tu.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kuwa sultani alipotoka kuswali Ijumaa, fukara alimwomba nguo zilezile alizovaa, tena sasa hivi. Sultani hakumwambia njoo kesho. Alirudi, akabadilisha, akampa. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Karibu miaka 700 imepita. Hebu jiulize, kipi bado kimesimama?

Sisemi usijenge. Pesa ya korosho ikiingia, nunua bati, sitiri familia. Lakini jirani anafuturu maji matupu, nawe unasema "nikimaliza nyumba ndo nitatoa"? Nyumba haiishi, ndugu yangu. Umri ndio unaisha.

Leo kabla ya Magharibi, peleka japo sahani moja.

Allah atutakabalie. Aamiin.