Klachi na Suala la Nguvu

Ziko nguvu ambazo hazidhuru kwa wingi wake bali kwa jinsi zinavyofika, na chombo kinachodhihirisha jambo hili waziwazi ni Porsche 911 Turbo, gari la Kijerumani lililoonyeshwa hadharani mjini Paris mwaka 1974. Injini yake, ambayo mwaka 1978 ilikuzwa kutoka lita 3.0 hadi lita 3.3 ikapata nguvu za farasi 300, haitoi uwezo wake polepole; hutulia mpaka tabo, yaani feni inayoisukumia injini hewa, izungushwe sawasawa na moshi wa injini yenyewe, kisha, mizunguko ipitapo kama 3,500 kwa dakika, huachilia kwa ghafla yote iliyokuwa imeyazuia. Baina ya ghadhabu hiyo na magurudumu ya nyuma imesimama sahani moja tu ya klachi. Mwenye gari akizidisha mgandamizo wa tabo, kama wengi wapendavyo, sahani hiyo ndiyo ya kwanza kushindwa: katika gia ya juu, mguu ukikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko hupanda hali mshale wa mwendo umekaa palepale, na harufu kali ya utando wa sahani unaoungua huenea.

Hapo huzuka suala ambalo kwa dhahiri ni la gereji na kwa batini ni la falsafa: je, kiungo kinachoteleza ni kiungo dhaifu? Wengi hujibu ndiyo pasipo tafakuri, wakaagiza klachi yenye utando wa chuma na springi ngumu mno, itakayoshika kwa mara moja wala isiachie abadan. Klachi, hata hivyo, iliundwa iteleze. Injini huzunguka na magurudumu yamesimama, na gari haliwezi kuondoka lilipo ila pawepo mahali ambapo vitu hivyo viwili vitaridhiana kidogo kidogo. Gharama ya maridhiano hayo ni joto na kulika, na sahani ndiyo iliyopewa kuyabeba. Ukiinyima rukhsa ya kuteleza, mshindo hautoweki, bali huhamia kwenye meno ya giaboksi na shafti za magurudumu, vitu ambavyo bei yake na taabu ya kuvitengeneza hupita mbali ile ya sahani.

Waundaji wenyewe walilizingatia jambo hili. Walilipa gari lao gia 4, ingawa ndugu zake wasio na tabo walipatikana na 5, kwa sababu walitaka meno mapana yatakayostahimili. Tena mwaka 1978 walitia mpira katika kitovu cha sahani ili kunyamazisha mlio wa gia katika mwendo wa taratibu, na injini ikasogezwa nyuma milimita 30 kuupisha. Mpira huo, kwa miaka na joto, hupasuka, na vipande vyake hukwamisha klachi. Ndiyo maana mafundi huweka leo sahani yenye springi za chuma kitovuni. Haja ya kulegea haikukanushwa hata kidogo. Iliyobadilishwa ni maada tu.

Ilivyo kwa klachi ndivyo ilivyo kwa moyo. Imam al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika kitabu chake Ihya kwamba ghadhabu haifai kung'olewa moyoni, kwani asiye nayo kabisa ni mpungufu, bali hutiishwa chini ya akili mpaka ikae katika wastani. Mafunzo hayo nayaona ya kweli kwa kila mwenye nguvu, awe mzazi, hakimu au mtawala: lazima ndani yake pawe na kitu kinachokubali kulika kabla hasira yake haijawafikia walio chini yake. Kitu hicho ni subira, nasi huidharau kwa kuwa haionekani ila siku inapoanza kushindwa.

Basi anayetaka kuimarisha klachi ya gari hilo, namsihi asianze na hesabu ya nguvu za injini. Apime kwanza giaboksi yake yaweza kuhimili nini, kisha achague klachi itakayoshika katika safari zake zote lakini iteleze kabla jino halijavunjika. Kwa gari la barabarani, sahani yenye springi kitovuni pamoja na presha pleti, yaani bamba linaloibana sahani, iliyoongezwa ugumu kwa kiasi yatosha. Klachi ya utando wa chuma iachiwe uwanja wa mashindano.